Barua Gunia Zima, Kuponi Hata Moja

Nasonya, tena nasonya kwa sauti, hata muuza kahawa anisikie. Kila jarida la kompyuta linapokaribia kufa, au linapoanza kupunguza kurasa za mashine inayopendwa na wachache, wasomaji wake hufanya kitu kilekile: wanashika kalamu. Barua zinamiminika kwa mhariri. Msitufutie ukurasa wetu. Sisi bado tupo. Tumewasoma tangu tuko shule. Mhariri anazichapa, anashukuru, anaandika kwamba zimemgusa, na hadanganyi, zimemgusa kweli. Halafu miezi michache inapita, jarida linafungwa. Ndugu zangu, mpaka lini tutamlilia mtu ambaye naye analia?

Mzee hapa ananiuliza, "Mwanangu, kwani barua si ndiyo sauti ya msomaji? Sisi enzi zetu tukiandika gazetini, mkuu wa wilaya anakuja mwenyewe." Ni kweli, mzee wangu, shikamoo tena. Lakini ile barua ya enzi zenu mlimwandikia mhariri ili mkuu wa wilaya aisome. Aliyeogopa hakuwa mhariri. Hawa wenzetu wa kompyuta wanamwandikia mhariri kuhusu mhariri. Nani aogope hapo?

Chukueni habari ya Amiga. Vijana hamuijui, lakini ilikuwa kompyuta ya Commodore, ilianza 1985, na ile Amiga 500 ya 1987 ndiyo iliyoingia majumbani Uingereza na Ujerumani kwa wingi. Watoto wakacheza michezo, wakachora, wakatunga muziki juu yake. Pale Bath, Uingereza, kampuni ya Future ilikuwa na jarida lililoitwa ST/Amiga Format, likilisha wenye Atari ST na wenye Amiga kwa sahani moja. Mwaka 1989 wakaligawa mara mbili, kila mashine na jarida lake, la Amiga likiitwa Amiga Format. Yakanona. Diski ya programu ilibandikwa kwenye jalada, ndani matangazo ya michezo, ya vifaa, ya maduka yanayouza kwa posta, kurasa kwa kurasa, na katikati ya matangazo hayo ndimo mafundi walimofundisha watu kazi: namna ya kuongeza kumbukumbu, namna ya kuandika programu yako mwenyewe.

Aprili 1994 Commodore ikafilisika. Hapo ndipo pa kutazama kwa makini, maana wengi wanadhani majarida yaliuawa na wahariri waliochoka. Sivyo. Mwenye kutengeneza mashine alianguka, na watengenezaji wa michezo wakatazama upande wa pili. PC ilikuwa na mchezo wa Doom tangu Desemba 1993. PlayStation ikafika Ulaya Septemba 1995. Mtu mwenye mchezo mpya wa kuuza atatangaza wapi? Akaondoka na fedha zake. Jarida jingine la Future, Amiga Power, likafungwa Septemba 1996 kwenye toleo la 65. CU Amiga, la wachapishaji wengine, EMAP, likafuata Oktoba 1998. Amiga Format likajikokota, likapungua kurasa, mpaka toleo la 136, Mei 2000. Basi.

Mnafikiri wasomaji hawakuandika? Waliandika, jamani! Kurasa za barua za miaka ile zimejaa watu wanaosihi. Waliandikia hata kampuni za michezo: tuleteeni na sisi mchezo huu. Watu wazima, wenye kazi zao, wanakaa usiku wanaandika barua kwa mkono kuomba wauziwe kitu. Mimi nikifikiria hilo roho inaniuma, maana mapenzi yale hayakuwa ya kuigiza.

Lakini hebu tufungue mfuko wa jarida tuone kilichomo. Fedha zinaingia kwa njia tatu. Kuna bei anayolipa mnunuzi dukani, kuna malipo ya mwaka mzima ya anayeletewa nyumbani, na kuna matangazo. Dukani penyewe pana mtego: kwa utaratibu wa Uingereza muuza magazeti anachukua nakala, zisizouzika zinarudi, na hasara ni ya mchapishaji. Ukichapa nyingi kuliko wanunuzi, umechapa takataka. Kuhusu matangazo, kuna shirika la ukaguzi, ABC, linalohesabu nakala ngapi zimeuzwa kweli, na hesabu hiyo ndiyo mwenye tangazo anayoitazama kabla hajatoa hata senti. Sasa niambieni, barua ya msomaji inaingia kwa njia ipi kati ya hizo tatu?

Haiingii kwa hata moja. Na kuna jambo zito zaidi, ambalo naona watu hawalitazami: anayeandika barua ni yule ambaye bado ananunua. Yeye tayari kahesabiwa. Aliyeacha kununua, aliyeuza Amiga yake akanunua PC, huyo haandiki. Anaondoka kimya. Kwa hiyo mhariri anaweza kupokea barua nyingi kuliko mwaka jana huku nakala zinazouzwa zikishuka, na wala si ajabu, waliobaki ndio wenye uchungu. Gunia la barua linajaa, duka linapungukiwa wanunuzi. Meneja wa fedha haoni gunia. Anaona karatasi yenye namba.

"Sasa ulitaka wafanye nini?" ananirukia bwana mdogo huyu fundi simu. Ngoja, usinikate.

Kama umewahi kushika majarida ya Kiingereza ya miaka ile, na mengi yalifika huku yakauzwa mitumba chini ya miti, utakumbuka kisanduku kimoja kidogo pembeni mwa ukurasa, kimezungukwa na alama za kukatia kwa mkasi. Ndani yake kuna maneno machache ya kumwomba muuza magazeti akuwekee nakala moja ya jarida hilo kila mwezi, halafu mistari mitupu: jina lako, anwani yako. Unakata, unampelekea mwenye duka la mtaani kwako, kwisha. Kile kikaratasi kibaya kisicho na sifa ndicho kilichokuwa na nguvu. Kwa nini? Kwa sababu mwenye duka anayejua ana mteja wa uhakika anaagiza nakala, na jarida linapata mnunuzi wa kuhesabika hata kama duka lingeliacha kuliweka mbele. Lakini nani alijisikia shujaa kwa kukata kuponi? Watu walitaka barua, jina lao lionekane. Hapo ndipo ninaposonya. Tsk!

Na kuna barua zinazoharibu kabisa, hilo tuseme ukweli. Wakumbukeni watu wa OS/2. Huu ulikuwa mfumo wa kuendeshea kompyuta, IBM na Microsoft walianza kuujenga pamoja, wakatengana, IBM ikabaki nao. Toleo la 1992 na lile la 1994 lililoitwa Warp yalikuwa kazi nzuri ya kihandisi, wala sioni haya kulisema hilo. Wapenzi wake wakajiita Team OS/2, watu wa kujitolea, wakisimama madukani kwa gharama zao kuwaonyesha wateja. Hao nawavulia kofia. Lakini walikuwemo waliokuwa wakimvamia kila mwandishi wa jarida aliyethubutu kuandika neno la kuukosoa mfumo wao. Barua juu ya barua, nyingine za matusi. Mwandishi wa habari za kompyuta ana mada mia za kuandika. Akiona mada moja inamletea kero kila akiigusa, ataigusa tena ya nini? Anaandika kuhusu Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, na analala usingizi. Wenzetu walidhani wanalinda nafasi yao magazetini, kumbe wanawafundisha waandishi kuikwepa. Baadaye, mwaka 2005, maelfu wakatia saini ombi kwa IBM iuachie OS/2 uwe programu huria. IBM haikuuachia, na mwisho wa 2006 ikaacha kuuhudumia. Unajua ni nini kilichouweka mfumo ule hai mpaka leo? Kampuni ndogo zilizopata ruhusa ya kuuendeleza na kuuuza, mwanzo eComStation, sasa ArcaOS tangu 2017, na wateja wanaotoa fedha kulipia.

Dada wa vocha ananing'ong'a kwa mkono, anasema nimesahau Star Trek. Sijasahau, dada yangu, nilikuwa naifuata. Majira ya baridi ya 1967 kuingia 1968 kule Marekani, Bjo Trimble na mumewe John waliwapanga watazamaji waandikie kituo cha NBC wasiifute tamthilia ile. Barua zikafika zaidi ya laki moja. Tarehe 1 Machi 1968 NBC ikatangaza hewani kwamba itarudi. Hiyo ni kampeni ya barua, na ilishinda, hakuna ubishi.

Sasa tazama ilishinda nini. Tamthilia ilirudishwa, lakini ikawekwa Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana walioipenda wametoka kwenda matembezi, na fedha za kuitengenezea zikapunguzwa. Mwaka uliofuata ikafutwa. Ila msimu ule mmoja wa ziada ulifikisha vipindi 79, na vipindi vingi kiasi hicho vinauzika kwa vituo vya mikoani virushwe kila siku. Huko kwenye marudio ndiko Star Trek ilikokua na kuwa kile tunachokijua. Kwa hiyo barua zilinunua muda. Sizibezi. Muda ni kitu kikubwa ikiwa kuna kitu kinaendelea kukua ndani yake. Lakini angalia pia waliandikiwa nani: waliandikiwa wenye kituo, wenye uamuzi, wala si mtunzi wa tamthilia, ambaye alikuwa upande wao tangu mwanzo.

Na BBC 6 Music je? Mwaka 2010 BBC ilitaka kuifunga redio ile. Watu wakaandika, wakaandamana, na Julai mwaka huohuo baraza la BBC likakataa pendekezo la kuifunga. Nayo naikubali. Ila BBC inaishi kwa ada wanayolipa wananchi wenye televisheni, haimtegemei mwenye tangazo, kwa hiyo mlalamikaji ni mwenye mali, anadai chake. Na kuna la pili: wakati kelele zikiendelea, watu walifungulia redio yenyewe. Wasikilizaji wake, waliokuwa kama laki saba, wakapita milioni moja. Barua zilikuja na namba nyuma yake. Jarida la duka halina baraza la wananchi. Namba ndiyo baraza lake.

Bwana mdogo, sasa nakujibu swali lako la wafanye nini. Mimi moyo wangu uko kwa wale walioacha kuomba ukurasa wakauandika wenyewe.

Mwaka 2012 Raspberry Pi ilipoingia sokoni, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, wapenzi wake hawakukaa kuyaandikia majarida makubwa kwamba tuwekeeni safu. Mei mwaka huohuo wakatoa jarida lao, The MagPi, kazi ya kujitolea, bure kwa kila mwenye kutaka kulipakua. Makala za namna ya kuunganisha nyaya, namna ya kuandika programu ya kwanza, zimeandikwa na watu waliojifunza wiki iliyopita, kwa hiyo wanakumbuka pale panapokwamisha. Watu walipotaka kulishika mkononi, wakachangishana likachapwa. Likaonyesha kwamba lina wasomaji, tena bila kumbembeleza mtu. Mwaka 2015 wenye Raspberry Pi wenyewe wakalichukua likawa jarida lao rasmi. Na mwisho wa mwaka ule, toleo la 40, walifanya jambo ambalo lazima nilieleze vizuri: kwenye jalada, pale ambapo zamani palibandikwa kaseti au diski, walibandika kompyuta nzima. Pi Zero. Kibao cha kijani chembamba, unakibandua, unakiwekea kadi ya kumbukumbu, unachomeka umeme, kinawaka. Iliuzwa dola tano, na hapo inakuja bure na jarida. Maduka yalimaliza nakala. Hakuna barua hata moja iliyowahi kuuza jarida namna ile.

Wa pili ni Linux Voice, jarida la wapenzi wa Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Hapa kuna mkasa wa ukoo mmoja. Amiga Format lilipofungwa mwaka 2000, kampuni ileile ya Future mwaka uleule ilianzisha Linux Format, na mhariri wake, Nick Veitch, alikuwa amewahi kuihariri hiyohiyo Amiga Format. Kwa hiyo ujuzi wa kuhudumia watu wachache wenye mapenzi makali haukutupwa, ulihamishwa. Mwishoni mwa 2013 waandishi wanne wa Linux Format wakaondoka. Wakawaambia wasomaji: tunataka pauni 90,000 tuanzishe jarida letu, nusu ya faida itarudi kwenye jumuiya za programu huria, na makala tutaziachia watu wazitumie bure baada ya miezi tisa. Wasomaji wakatoa. Hawakuandika kwamba wanawaunga mkono, walitoa. Jarida likatoka 2014, likaenda mpaka mwisho wa 2016 lilipounganishwa na Linux Magazine. Mtasema halikudumu. Ndiyo, ila lilikuwa lao, na halikuzikwa, liliingia kwa jirani.

La Crash, lile jarida la kompyuta ya ZX Spectrum lililozaliwa Ludlow mwaka 1984 na kufa 1992, nitapita haraka: limerudi miaka hii kwa michango ya watu waliokuwa watoto enzi zile. Linasomwa na wachache, na hao wachache wanalipa kabla halijachapwa. Hesabu imekamilika kabla wino haujamwagika. Laiti Amiga Format wangekuwa na njia hiyo mwaka 1999!

"Lakini hiyo si kampeni ya barua tena," anasema mzee. Mzee, umenifikia pale pale. Barua inaweza kuwa na faida ikibadilishwa anwani. Muandikie mwenye tangazo: nimeliona tangazo lako katika jarida fulani ukurasa fulani, nimenunua kifaa chako kwa sababu hiyo, endelea. Barua moja ya namna hiyo mwenye tangazo anaiweka mezani kwenye kikao, maana yeye kila siku anajiuliza fedha zake zinakwenda wapi. Au muandikie mhariri, sawa, lakini ndani ya bahasha weka makala. Mhariri aliyepunguziwa wafanyakazi hahitaji kusifiwa, anahitaji kurasa nne zilizoandikwa vizuri kwa tarehe ya mwisho. Jambo hili linatugusa na sisi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi kama ile inataka mtu wa kuieleza gazetini wiki baada ya wiki, jinsi ya kuiweka, jinsi ya kuandikia barua ya kikundi au hesabu za duka. Ukitaka safu ya namna hiyo kwenye gazeti la Kiswahili, usiombe safu. Peleka makala sita zilizokamilika, na mtaani kwako gazeti lile linunuliwe.

Ila sitawabebesha wasomaji mzigo wote, hapana, msonyo wangu wa mwisho ni wa wachapishaji. Hawa wanaficha ugonjwa! Mei 1998 kampuni ya CMP ilinunua Byte, jarida kongwe lililoanza 1975, baba wa majarida haya yote. Toleo la Julai mwaka huohuo likawa la mwisho. Msomaji angeandika saa ngapi? Angelipia lini? Linux Journal, lililozaliwa 1994, lilitangaza Desemba 2017 kwamba limeishiwa fedha kabisa na linafunga. Mara baada ya kusema ukweli huo hadharani, mwezi mmoja tu, kampuni ya Private Internet Access ikajitokeza ikaliinua Januari 2018. Halikufika mbali, Agosti 2019 wafanyakazi wakaachishwa kazi. Lakini jiulizeni, kama wangesema miaka mitatu kabla, wakati bado wana akiba? Na Linux Format lenyewe, lile lililotoka tumbo moja na Amiga Format, limefungwa mwaka 2025 baada ya miaka 25.

Mhariri anajua namba zinashuka. Anajua mwaka mzima, pengine miwili. Lakini kila mwezi anaandika kwenye ukurasa wa mbele kwamba mambo yanazidi kuwa mazuri, kwa sababu akisema vinginevyo mwenye tangazo atakimbia. Mimi nasema mwenye tangazo ameshakimbia, bwana, yeye ndiye wa kwanza kuziona hizo namba! Asiyeziona ni msomaji pekee. Basi zichapwe. Pale pale kwenye ukurasa wa barua, kila toleo: tumeuza ngapi, tunahitaji ngapi ili tusifunge, na kuponi ya kukata iko hapa chini. Msomaji akishindwa baada ya hapo, ameshindwa akijua.

Haya, nani analipia kahawa hii?